Goma: Kamera ya okazioni, dola za mwaka mzima mikononi mwa mtu usiyemjua

Mjini Goma, vijana wanaoishi kwa kupiga picha za harusi, mahari, ubatizo na sherehe za kumaliza masomo wana swali linalorudi kila mara pesa kidogo inapopatikana: wanunue kamera ya DSLR ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika, ama wangoje? Mpya ni ghali mno kwao. Iliyotumika inaweza kulipa kodi ya nyumba kwa miaka kadhaa, na inaweza pia kufa kabla ya harusi ya tatu. Ikifa, muuzaji hapatikani tena kwa simu.

Chukua mfano wa kijana wa mtaa wa Katindo. Ana miaka 24. Kazi ameijifunza kwa kubeba mfuko wa mkubwa wake wa studio, kushika taa, kuchaji betri usiku wakati umeme umerudi. Mwezi huu zamu yake ya MUSO imefika na amepokea dola 500. Siku hiyohiyo komisioneri mmoja wa Birere anamtumia picha kwa WhatsApp: Canon EOS 5D Mark II, mwili peke yake bila objektifu, dola 400. Ujumbe unaofuata ni ule ambao kila mnunuzi wa Goma anaujua: "Petit, fanya mbio, kuna mtu mwingine anaijia mchana."

Kwa wakati huu, dola 500 si pesa ya kuchezea. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, M23 ilipouteka mji, mabenki yalifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Mwaka huohuo Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake, na mashirika mengi yakapunguza kazi. Mpiga picha aliyezoea kupata siku mbili tatu za kazi ya shirika kila mwezi amebaki na harusi za Jumamosi. Na pesa ya MUSO si yake peke yake: wenzake wanangoja aendelee kuchanga mpaka zamu zao nao zifike.

Kwa nini kamera hizi zimekuwa nyingi

Kamera ya DSLR ina kioo ndani. Unapobonyeza, kioo kinapanda, pazia linafunguka, mwanga unafika kwenye kapteri, kisha kila kitu kinarudi mahali pake. Ndiyo ile sauti ya "klak" inayofanya wageni wa harusi wageuke na kutabasamu. Mwaka 2018 Canon na Nikon walileta jamii mpya za kamera zisizo na kioo, EOS R na Z, na tangu 2020 hawajaleta tena DSLR mpya. Wapiga picha wa Ulaya, Marekani na Asia waliohamia kwenye mpya wanauza za zamani. Nyingine zinafika Goma ndani ya sanduku la ndugu anayerudi kutoka Ulaya, nyingine kupitia Kampala, Kigali ama Dubai.

Kwa mwenye pesa kidogo hiyo ni habari njema. Mtindo umepita, lakini picha haijaharibika kwa sababu hiyo. Anayechapisha picha ya ukubwa wa sentimita 20 kwa 30 katika ubora wa juu anahitaji megapikseli zisizofika 9. Nikon D90 ya mwaka 2008 ina 12. Kwa hiyo muuzaji anayesifu megapikseli anasifu kitu ambacho bibi arusi hataona kwenye albamu yake.

Jina kubwa na hesabu inayobaki

5D Mark II ni jina linaloheshimiwa. Ilitoka mwaka 2008, kapteri yake ni kubwa kama filamu ya zamani ya milimita 35, na ndiyo DSLR ya kwanza iliyochukua video ya HD kamili. Mkubwa akiibeba shingoni, wateja wanamwita "patron". Kijana wa Katindo anaitamani kwa sababu hiyo pia, na si aibu: katika kazi hii, kuonekana ni nusu ya bei.

Lakini hesabu haidanganyi. Akitoa dola 400, anabaki na 100. Mwili huo hauna objektifu. Ile ya 18-55 aliyoachiwa na mkubwa wake ni ya aina ya EF-S, iliyotengenezwa kwa kamera za kapteri ndogo, na haiingii kabisa kwenye 5D. Kadi nazo ni shida: 5D Mark II haitumii SD zinazouzwa kila kona ya mji, inataka CompactFlash, kadi pana ya zamani ambayo si kila butiki inayo, pamoja na kisomeo chake kwa ajili ya kompyuta. Bado betri ya pili. Bado mfuko. Jumamosi ijayo atakuwa na kamera ya heshima isiyoweza kupiga picha hata moja.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye picha ya WhatsApp. Kamera hiyo, kama za umri wake, inachoka gizani. Picha yenye gauni jeupe na ngozi nyeusi ndani ya ukumbi wa taa chache ni mtihani mgumu kwa kamera yoyote: kamera ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, na uso wa bibi arusi unazama. Ukijaribu kuuinua uso huo kwenye kompyuta, 5D Mark II inaonyesha mistari na chembechembe kwenye sehemu za giza. Nikon D7000 ya mwaka 2010, yenye jina dogo zaidi, inavumilia kazi hiyo vizuri kuliko yeye.

Na video? Siku hizi mteja wa Goma anataka vyote viwili kwa bei moja, kosa ambalo wapiga picha wenyewe walilizoesha. 5D Mark II na 600D zinakata video ya HD kamili kila baada ya dakika kama 12, kwa sababu faili haiwezi kupita gigabaiti 4. Hotuba ya baba mkubwa upande wa mume haikatiki kwa dakika 12. Tena kamera hizo mbili hazifuati uso wa mtu zenyewe wakati wa kurekodi: mkono ndio unaozungusha pete ya objektifu. Canon 70D ya mwaka 2013 ndiyo iliyoanza kufanya kazi hiyo vizuri, na ikifika gigabaiti 4 inafungua faili nyingine yenyewe mpaka karibu dakika 30. Anayeahidi wateja video ana sababu ya kuitafuta hiyo kuliko ile yenye jina.

Upande wa Nikon kuna mtego wake. Kamera ndogo za D3100, D3200, D3300 na jamii ya D5000 hazina mota ya kulenga ndani ya mwili. Ukiziwekea objektifu ya zamani isiyo na mota yake, kama 50mm f/1.8D inayouzwa rahisi, utalenga kwa mkono harusi nzima. Nikon D90, D7000 na D7100 zina mota. Muuzaji anayekuuzia D3200 pamoja na "objektifu nzuri sana ya zamani" pengine hadanganyi. Pengine hajui.

Objektifu ndiyo kazi

Hapa ndipo pesa nyingi za vijana zinapotelea: mwili unanunuliwa kwa dola zote, objektifu inakuja kama nyongeza. Objektifu ya 18-55 inayokuja na kamera ndogo, ukiivuta mpaka 55, inafungua tundu lake kwa f/5.6 tu. 50mm f/1.8, ambayo kwa Canon na kwa Nikon ni kati ya zile za bei ndogo kabisa, inapitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, au ukumbini umeme unapokatika na jenereta moja kubeba taa na muziki pamoja, tofauti hiyo inaonekana kwa jicho la mteja yeyote. Mwili wa kawaida wenye 50mm utatoa picha ambazo 5D yenye objektifu mbovu haiwezi kutoa.

Objektifu ina faida nyingine: inazeeka polepole. Mfumo wa EF wa Canon umekuwapo tangu 1987, na objektifu ya miaka hiyo bado inaingia kwenye DSLR zake zote. Hata kwenye kamera mpya zisizo na kioo inafanya kazi kupitia kiunganishi. Miili inakuja na kuondoka, na objektifu nzuri inauzika tena.

Kabla pesa haijatoka mfukoni

Pazia la kamera lina umri, na umri huo unahesabiwa kwa picha, si kwa miaka. Canon ilijaribu pazia la 5D Mark II kwa picha 150,000, na la 6D kwa picha 100,000. Si kusema kwamba litakufa siku hiyo. Yapo yanayopita mbali na mengine yanakufa mapema. Lakini ni kama kilomita za moto. Harusi moja ikichukua picha 1,500, na harusi zikiwa 40 kwa mwaka, ni picha 60,000. Kamera iliyofanya kazi hiyo miaka miwili huko ilikotoka imeshakula sehemu kubwa ya maisha yake.

Kwa Nikon, kujua ni rahisi: piga picha moja, itie kwenye kompyuta, na programu ya bure kama ExifTool inasoma idadi iliyoandikwa ndani ya picha yenyewe. Kwa Canon nyingi idadi hiyo haimo ndani ya picha. Inabidi kuunganisha kamera kwa kebo na kutumia programu maalumu, na si kila mfano unakubali. Jambo moja likae kichwani: namba ya faili, kama IMG_2315, haithibitishi kitu. Inafika 9999 na kurudi mwanzo, na mtu anaweza kuirudisha nyuma kwa kidole. Muuzaji anayeonyesha namba hiyo na kusema "mukubwa, angalia, imepiga picha elfu mbili tu" ama amedanganywa ama anadanganya.

Kama idadi haipatikani, mwili wenyewe unaongea. Mpira wa mshiko uliolegea, herufi zilizofutika kwenye vitufe, chuma kilichong'aa mahali objektifu inapoingilia: hiyo kamera imefanya kazi sana, hata kama maelezo yanasema ilikuwa ya daktari mmoja aliyeitumia Jumapili tu. Skurubu zilizokwaruzwa kichwa zinamaanisha mtu ameshaifungua, na ni haki kuuliza nani, na kwa nini.

Halafu vumbi. Goma imejengwa juu ya lava. Mawe meusi ya Nyiragongo ya mwaka 2002 bado yako chini ya barabara na nyumba, na mlima ulitapika tena mwezi wa tano 2021. Vumbi la mji huu ni jiwe lililosagwa, na linaingia kila mara objektifu inapobadilishwa uwanjani. Jaribio lake ni dogo: funga tundu mpaka f/16 au f/22, piga picha ya ukuta mweupe au anga, kisha ikuze kwenye skrini. Madoa meusi ni vumbi kwenye kapteri. Mengi yanasafishika, na pampu ndogo ya mpira inatosha mara nyingi. Kupuliza kwa mdomo ni kutupa mate juu ya kioo, na bado wapo wanaofanya hivyo mbele ya mteja. Mkwaruzo hausafishiki. Chembe ndani ya pete za objektifu nazo zinasikika: zungusha polepole karibu na sikio, ukisikia mchanga, rudisha.

Jaribio jingine linataka kofia ya objektifu ifungwe, na picha ya sekunde 10 au zaidi ipigwe gizani. Nukta nyekundu, buluu au nyeupe zinazong'aa ni pikseli zilizoungua. Chache ni kawaida ya uzee. Anga zima la nyota ni sababu ya kurudi nyumbani.

Kwa objektifu, tochi ya simu inatosha. Pitisha mwanga upande mmoja na uangalie upande wa pili. Nyuzi kama za buibui ni ukungu, ugonjwa wa vifaa vilivyokaa kwenye unyevu, na karibu na Ziwa Kivu unyevu haukosekani. Ukungu unaweza kula mpako wa kioo, na objektifu yenye ukungu haifai kufungiwa mfuko mmoja na nyingine.

Kijana wa Katindo angefanya vizuri kwenda na kadi yake, betri yake iliyojaa na mtu mmoja anayejua kazi. Apige picha 50 za mfululizo, si tatu. Kwenye Canon, maandishi ya "Err 99" yanaweza kuwa uchafu kwenye miguso ya objektifu, na yanaweza kuwa ugonjwa mkubwa zaidi. "Err 30" ni pazia. Mafundi wa Birere wanafufua simu zilizozama ziwani, lakini pazia la kamera ni kazi nyingine: kipande chenyewe kinapaswa kuagizwa kutoka nje, na gharama yake pamoja na ya fundi inaweza kukaribia bei ya kamera.

Namba iliyo chini ya kamera

Mji uliopitia uporaji una vitu vingi visivyo na historia. Kamera bila faktura, bila chaja yake, bila sanduku, kwa bei inayoshangaza, inapaswa kuleta swali kabla ya kuleta furaha. Kupokea kitu cha wizi ni kosa kwa sheria ya Congo, na mwenyewe akikikuta shingoni mwako kwenye sherehe, maelezo ya kwamba komisioneri ndiye aliyekuuzia hayatasaidia sana kama hata jina lake kamili hulijui.

Chini ya kila mwili kuna namba. Kamera nyingi zinaiandika pia ndani ya kila picha. Namba hizo mbili zikitofautiana, kifuniko kimebadilishwa. Zikifanana, zinaandikwa kwenye karatasi ya mauzo pamoja na bei, tarehe, majina na namba za vitambulisho vya pande zote, mashahidi wawili wakisaini. Wakati pesa inapitia simu, ujumbe wa uthibitisho unabaki kama ushahidi wa pili. Lakini pesa ya simu ikishatumwa kwa mkono wa mtu hairudi yenyewe, kwa hiyo inatumwa wakati kamera iko mezani, si wakati "iko njiani kutoka Gisenyi".

Wapo pia wasiopaswa kununua kabisa, angalau kwa sasa. Anayepiga picha za kuweka Facebook na WhatsApp tu, akiwa na simu nzuri, hatapata wateja wapya kwa sababu ya kioo kinachopanda na kushuka. Mwenye harusi moja kwa mwezi anaweza kukodi mwili kwa mwenzake siku hiyo na kumlipa kutoka kwenye malipo ya mteja. Tuseme harusi inamwachia dola 60 baada ya usafiri, uchapishaji na msaidizi. Kamera na vyote vinavyoifuata kwa dola 500 itataka harusi tisa kabla ya kurudisha pesa yake, na huo ni muda mrefu kwa pazia ambalo hakuna anayejua limefunguka mara ngapi.

Kwa hesabu hiyo, kijana wetu ana njia ya tatu ambayo komisioneri hakumtajia. Anaweza kuanza na objektifu: 50mm ya Canon, iliyopimwa kwa tochi, na kadi mbili nzuri za SD. Jumamosi anakodi mwili wa 70D kwa mkubwa wake, anafunga objektifu yake mwenyewe, na pesa inayobaki inakaa kwa mweka hazina wa MUSO mpaka mwili mwenye idadi inayojulikana upatikane. Saa nane mchana simu inalia tena. Yule mtu mwingine hakuja, na 5D imeshuka mpaka dola 350. Anajibu kwa swali moja tu: imepiga picha ngapi?